Nitie sahihi mradi usio wangu, au nisubiri ruzuku isiyokuja?

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mhadhiri wa afya ya jamii katika chuo kikuu kidogo cha umma, na kwetu ni Malindi, ambako bado ninaishi na mume wangu na watoto. Nimetakiwa kutia sahihi mkataba wa utafiti kabla ya mwezi ujao kwisha. Kila nikiushika mkono unasita, na sijui kama kusita huko ni busara au ni kiburi tu.

Ninachotafiti ni matende na mabusha. Sikuyachagua kwa kuyasoma vitabuni. Khalati yangu, aliyenilea, ana matende ya mguu wa kushoto tangu mimi ni mtoto, na hadi leo jioni humkalisha kibarazani nikamwosha mguu kwa maji safi na sabuni, kisha nikamkausha taratibu kati ya vidole kwa kitambaa kikavu, kwa maana unyevu ukibaki hapo ngozi hupasuka na homa humrudia.

Serikali ilianza kugawa dawa za ugonjwa huu kwa watu wote hapa Pwani mwaka 2002, lakini ugawaji umekuwa ukikatikakatika. Swali langu linahusu wavuvi. Wagawaji wa dawa hupita nyumba kwa nyumba, ilhali wanaume wengi wa bahari hulala dago, yaani kambi za uvuvi, kwa wiki nyingi, na msimu wa kaskazi huja wengine kutoka Pemba ambao hawamo katika orodha ya kijiji chochote. Isitoshe, vijidudu vya matende hujitokeza kwa wingi katika damu usiku, kwa hiyo wapimaji hutoa damu kati ya saa nne na saa nane za usiku, wakati ambao wavuvi hao wako majini. Ninashuku kwamba watu hawa hawamezi dawa wala hawapimwi, na kwamba ugonjwa unajificha kwao. Ningependa kulithibitisha hilo au kulikanusha.

Nimeandika maombi ya ruzuku mengi. Majibu karibu yote yanafanana: wazo ni zuri, lakini taasisi yako haijaonyesha uwezo wa kusimamia fedha. Ruzuku moja ndogo niliyowahi kupata iliingia katika akaunti ya jumla ya chuo wakati ambao mishahara ilikuwa imechelewa. Ilipotoka, msimu wa kaskazi ulikuwa umepita na vitendanishi vilivyonunuliwa mwanzoni vimeisha muda wake. Mpango mwingine, niliokuwa nimeingizwa na wenzangu wa Marekani, ulivunjika mwaka 2025 fedha za huko zilipositishwa.

Sasa amekuja profesa kutoka Ulaya mwenye ruzuku kubwa. Anachunguza vinasaba vya minyoo ya matende. Mimi nitasimamia utoaji wa damu usiku vijijini, sampuli zitasafirishwa kwa ndege, takwimu zitahifadhiwa kwao, na jina langu litakuwa miongoni mwa waandishi. Sehemu yetu ya bajeti ni mafuta ya gari, glavu, sindano na posho. Hakuna mwanafunzi atakayesomeshwa, hakuna kifaa kitakachobaki, na wavuvi hawatajwi popote.

Mkuu wa idara ananihimiza nitie sahihi, kwa kuwa chuo kinahitaji kuonekana katika mradi mkubwa. Mume wangu anaona posho ile itatusaidia kumaliza nyumba, na simlaumu. Rafiki yangu ananishauri niache chuo nikaombe kazi katika taasisi kubwa ya utafiti. Nami usiku nimefikia kuwaza nikope katika sacco nifanye utafiti wangu mwenyewe. Lakini jambo linalonisumbua kuliko yote ni swali la mzee mmoja wa upande wa Mambrui, nilipokwenda kumjulisha kuhusu mradi huu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Damu zetu za mara ile, mwanangu, zilikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nawe unajua kwetu habari za mumiani hazijafa.

Nifanyeje?

Mwenye Kusita, Malindi

—

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona ndani yake mambo mawili yaliyofungwa katika furushi moja. Kuna mkataba huu, wenye tarehe na masharti yake, ambao unaweza kuujadili wiki hii. Halafu kuna swali lako la wavuvi, ambalo limekuwa nawe kabla ya profesa kuja na litabaki nawe akishaondoka. Unahisi kwamba kuukubali mkataba ni kulizika swali, na kwamba kuliokoa swali ni kuukataa mkataba. Ningependa tuangalie kwanza kama kweli mambo hayo mawili yanapingana kiasi hicho.

Lakini kabla ya hapo, nakusikia ukizungumza kana kwamba ruzuku hazikujii kwa sababu ya upungufu wako. Soma tena majibu uliyonieleza. Hakuna aliyesema sayansi yako ni dhaifu. Wamesema taasisi haijaonyesha uwezo, na maana yake ni mahesabu yaliyokaguliwa, ofisi inayoshughulikia ruzuku peke yake, utaratibu wa manunuzi, na rekodi ya miradi iliyopita. Chuo kisichopewa ruzuku hakiwezi kuwa na rekodi ya ruzuku, na fedha za kujenga ofisi hiyo hutoka katika asilimia ya uendeshaji inayokuja pamoja na ruzuku zenyewe. Angalia taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH: vyuo vikubwa vya kwao hujadiliana viwango vya uendeshaji vinavyoweza kupita asilimia 50 ya gharama za moja kwa moja za mradi, ilhali taasisi za nje zimekuwa zikipewa asilimia 8. Kwa mpangilio huo, aliyeanza mdogo hubaki mdogo kwa muda mrefu, hata akiwa na watu hodari.

Nyumbani nako mambo hayajawa mepesi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha Hazina ya Taifa ya Utafiti na kusema ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijapata kufikiwa. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa mwaka 2007 wakahimizana kila nchi itenge angalau asilimia 1 kwa utafiti, na hilo pia limebaki karatasini kwa nchi nyingi. Ninakwambia haya ili usiendelee kubeba kifuani mwako lawama ambayo ni ya bajeti za nchi nzima.

Sasa tuje kwa profesa. Umenieleza vizuri mkataba unavyosema, ila hukunieleza yeye alivyojibu ulipomuuliza. Je, umemuuliza? Mikataba mingi ya namna hii huandikwa na ofisi ya sheria ya chuo cha nje kwa kunakili wa mradi uliotangulia, na mara nyingine mtafiti mwenyewe hajui kilichoandikwa kuhusu takwimu au sampuli. Wapo pia wanaojua vizuri na wanaopenda iwe hivyo. Kwa mbali siwezi kujua huyu ni wa kundi gani, na nadhani hata wewe hujui bado. Jibu lake kwa barua yako litakuonyesha mengi kuliko ukurasa wa mkataba.

Na barua hiyo, mwanangu, una jambo zito la kuitilia. Yeye anataka kujua minyoo ya matende ya Pwani ina nasaba gani na inahama vipi kutoka mahali hadi mahali. Kwa maelezo yako mwenyewe, damu itatolewa usiku vijijini, wakati wanaume wanaohama kati ya Pemba, Malindi na Ngomeni wako majini. Basi atakusanya minyoo ya watu waliolala nyumbani, aikose ya watu ambao huenda ndio wanaoihamisha. Swali lako la wavuvi linaingia moja kwa moja katika utafiti wake na kulionyesha pengo ambalo wakaguzi wa makala yake wanaweza kuja kuliuliza. Usimpelekee jambo hili kwa sauti ya mtu anayeomba kusaidiwa. Lipeleke kama mtafiti mwenzake aliyeona kitu ambacho yeye, kwa kukaa mbali, hakuweza kukiona.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba kipo kipimo cha haraka cha antijeni, kile kikanda kinachotumia tone la damu ya kidole, ambacho hakingoji usiku kwa sababu hutafuta dalili ya minyoo mikubwa iliyokomaa. Kipimo hicho kinaweza kufanywa asubuhi kwenye bandari ya samaki, nahodha na watu wake wakishashusha mzigo, na kamati ya ufuo, ile BMU, ikikubali kukupa nafasi pembeni mwa mnada. Atakayeonekana na antijeni ndiye atakayeombwa damu ya usiku siku ambayo hakwenda baharini. Gharama ya nyongeza hiyo, ukiilinganisha na ya kusoma vinasaba, ni ndogo. Ikiingizwa katika mradi kama sehemu yenye jina lako, yenye bajeti yake na makala yake ambayo wewe ni mwandishi wa kwanza, mkataba unageuka kuwa kitu kingine.

Yapo mengine ya kuomba, na nakushauri uyapange kwa uzito, kwa sababu hutayapata yote. Nakala kamili ya takwimu ibaki chuoni kwako. Mkataba wa kusafirisha sampuli utaje zitatumika kwa nini, zitahifadhiwa kwa muda gani, na nani ataombwa ruhusa mtu akitaka kuzitumia kwa jambo jingine. Angalau mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili asomeshwe ndani ya mradi, na fundi wa maabara yenu ajifunze kutoa vinasaba hapa hapa hata kama usomaji wenyewe utafanyika Ulaya. Huombi makubwa. Mwaka 2022 watafiti wa dunia walikutana Cape Town kuhusu uadilifu wa utafiti, na tamko lililotokana na mkutano huo linazungumzia hasa haki katika ushirikiano kati ya wenye nacho na wasio nacho. Unaweza kulitaja bila ukali wowote. Kamati ya maadili na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, nao wana masharti kuhusu sampuli na ushiriki wa Wakenya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa mahali pa kusimama kuhusu taarifa za wagonjwa.

Hatari ipo, nami siifichi. Anaweza kukuona msumbufu akatafuta chuo kingine. Mkuu wako wa idara anaweza kukasirika, na unafanya kazi chini yake. Kwa hiyo ningemwona yeye kabla ya kumwandikia profesa, nikamweleza kwamba chuo hakiongezi rekodi yake kwa kutajwa tu. Kinaiongeza kwa kusimamia bajeti yake chenyewe na kuitolea hesabu. Hilo ni jambo analolitaka yeye pia.

Linanileta kwenye akaunti ya chuo, ambalo nadhani ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hata profesa mwema hawezi kukuokoa ikiwa fedha zitaingia mahali zisikotoka. Mweleze mkuu wa fedha yaliyotokea mara ya kwanza, kwa tarehe na stakabadhi, bila kumtuhumu mtu, umwombe akaunti ya mradi iliyo peke yake na watia sahihi wanaojulikana. Wengine hupitisha fedha kwa taasisi nyingine inayoaminika zaidi. Njia hiyo ni ya haraka, lakini chuo chako hakitajifunza kitu na rekodi itaandikwa kwa jina la mwingine. Ukiwa na msimu wa kaskazi unaokukimbilia, huenda ukaona hasara hiyo inavumilika, sitakushangaa.

Tuseme unaukataa mkataba. Swali lako ni la aina ambayo wafadhili huiita utafiti wa utekelezaji, yaani kwa nini dawa iliyothibitishwa haiwafikii wanaoihitaji. TDR, mpango maalumu wa magonjwa ya tropiki ulioanzishwa mwaka 1975 na wenye makao Shirika la Afya Duniani, umejikita katika maswali ya namna hiyo. Mtandao wa watafiti wa Afrika wa magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, ARNTD, umewahi kutoa ruzuku ndogo kwa watafiti wanaoanza. Hazina yetu ya Taifa ya Utafiti hutangaza pia inapokuwa na fedha. Ruzuku ndogo iliyosimamiwa vizuri huwa cheti cha kuombea kubwa. Lakini angalia na upande wa pili: mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, na mwezi wa Mei mwaka huo NIH ikatangaza kwamba inasitisha ruzuku mpya zinazopitia taasisi za Marekani kwenda kwa washirika wa nchi za nje hadi iweke utaratibu mwingine. Waliokuwa wakitegemea milango hiyo sasa wamejipanga kwenye ile michache iliyobaki. Tena lengo la dunia ni kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii ifikapo 2030, na kadiri wagonjwa wanavyopungua ndivyo fedha zinavyohamia kwingine, hata kama waliobaki ni wale wale waliofichika dago. Kusubiri nako kuna bei yake.

Kuhusu sacco, hapo moyo wangu umeingia hofu. Utafiti unaogusa damu za watu unahitaji kibali cha maadili na mahali pa kumpeleka mshiriki akidhurika, na mzigo huo haufai kuwa wa mtu mmoja na mshahara wake, tena mshahara ambao umeshaniambia umewahi kuchelewa. Hata hivyo, ipo kazi ya awali isiyodai mkopo, baada ya kupata kibali: kupitia madaftari ya wagawaji wa dawa uone ni wanaume wangapi wameandikwa "hayupo", na kukaa na manahodha na matajiri wa vyombo ili kujua nani hulala wapi na mwezi gani. Ukurasa mmoja wa matokeo hayo utalipa nguvu ombi lako lolote, liwe kwa profesa au kwa mfadhili.

Rafiki yako naye hajakushauri vibaya. Watu wetu wengi wamejifunza utafiti katika taasisi kubwa, kama ile ya Kilifi ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza, wamefanya kazi pamoja tangu 1989, kisha wakarudi kufundisha. Kuondoka si kuwasaliti wanafunzi wako. Jiulize tu ukifika huko swali la wavuvi litakuwa lako au utapewa la mwingine, na uliulize hilo siku ya mahojiano.

Mume wako mwonyeshe tarakimu. Posho za mradi ni za kipindi na zina tabia ya kuchelewa. Kama nyumba inapangwa juu yake, ni vizuri mkalijua hilo pamoja kuliko kuja kulaumiana baadaye. Umesema humlaumu, nami nimependa ulivyoliandika. Khalati mfikishie salamu zangu. Unavyomtunza ndivyo wataalamu wanavyoshauri, na akilala mwinulie mguu juu ya mto.

Nimemwacha mzee wa Mambrui hadi sasa kwa sababu swali lake ndilo ningelianza nalo katika barua kwa profesa, kwa maneno yake mwenyewe. Mwandikie kwamba wakazi wanauliza damu ya utafiti uliopita ilikwenda wapi, na kwamba kabla hujarudi kijijini unahitaji kujua, kwa maandishi, hizi zitakwenda wapi, nani atarudi kuwaeleza yaliyopatikana, lini, na kwa fedha ya fungu gani la bajeti. Watu wanaozungumzia mumiani mara nyingi wamewahi kutolewa damu na mtu ambaye hawakumwona tena. Ukirudi mikono mitupu, anayepoteza uso pale ni wewe mwenyeji, wala si mtu wa Ulaya.

Fanya hivyo kabla andiko halijapelekwa kwa kamati ya maadili, kwa kuwa badiliko lolote baada ya kibali hudai maombi mapya, na kaskazi haitakungoja. Profesa akishajibu, niletee jibu lake pamoja na ukurasa wa bajeti, ukiwa umefuta majina, tuusome pamoja mstari kwa mstari.